Menyu ya Linux Mint imejaa makorokoro, naipangaje bila kuharibu kitu?

Steshenari_Boy: Wakuu, heshima kwenu. Nimenunua kompyuta ya mtumba kwa ajili ya steshenari, ina Linux Mint ya Xfce (lile toleo jepesi) na inakwenda vizuri. Shida ni menyu. Aliyekuwa nayo aliweka kila kitu alichosikia kinasifiwa, na kuna kundi la Wine (ile ya kuendesha programu za Windows ndani ya Linux) lina majina ya programu zilizofutwa zamani, ukibofya hakifunguki kitu. Dada anayenishikia ofisi anahitaji kuchapa, hesabu, skana na kivinjari tu. Mteja kasimama na CV yake, yeye bado anatafuta. Nifute programu zote?

Chuma_Chakavu: Futa mkuu, andika apt remove (amri ya kuondoa programu) kwenye terminali, kazi kwisha.

Mzee wa Terminali: Usikimbilie huko. Apt hukuonyesha orodha ya vitakavyoondoka na hicho unachofuta, lakini watu wanabonyeza Y bila kusoma, kesho skana haipo.

Menyu inasoma mafaili ya .desktop, yaani maandishi mafupi yanayoitambulisha kila programu, na mengi yapo /usr/share/applications. Ndani yake mstari wa Categories ndio unaoamua programu ikae Office, Graphics au kwingine. Ukiweka NoDisplay=true, programu inabaki kwenye mashine ila menyuni haionekani. Usihariri pale pale, maana sasisho likija litafuta kazi yako. Nakili faili kwenda ~/.local/share/applications (alama ~ ni folda yako ya nyumbani), jina lile lile, uhariri hiyo nakala. Mfumo unaitanguliza.

mama_printa: Mzee, mtu ana wateja dukani unampa somo la mafaili! Ndugu, bofya kulia kitufe cha menyu, chagua Edit Applications. Inafunguka MenuLibre, programu ya kupanga menyu, unachagua programu na kuificha. Nayo inaandika huko huko kwenye .local. Halafu zile nne za dada, bofya kulia kila moja, Add to Favorites. Akifungua menyu anazikuta mbele.

Chuma_Chakavu: Au aandike jina kwenye kisanduku cha kutafuta. Mimi menyu siiangalii kabisa.

Steshenari_Boy: Dada hajui majina ya Linux, yeye anajua Excel.

Mzee wa Terminali: Mwambie aandike hivyo hivyo, excel. Calc, ile ya hesabu ya LibreOffice, itakuja, kwa sababu faili lake lina mstari wa Keywords wenye neno hilo.

Steshenari_Boy: Kweli imekuja! Na MenuLibre nimeielewa, asante sana mama. Ila mabaki ya Wine bado yapo.

Mzee wa Terminali: Yale hayakai na wenzake. Fungua folda yako ya nyumbani, bonyeza Ctrl+H kuonyesha vilivyofichwa, nenda .local/share/applications/wine ufute mabaki. Kisha nenda .config/menus/applications-merged, toa mafaili yanayoanza na wine-. Hapo kufuta ruksa, programu zenyewe si zilishaondoka? Toka kwenye akaunti, ingia tena.

Steshenari_Boy: Yamepotea yote. Lakini dada akiingia kwa akaunti yake menyu ni ile ile ya zamani.

mama_printa: Lazima. Hiyo .local ni ya kila mtumiaji na yake. Ingia kwa akaunti ya dada ufiche humo, na Favorites umwekee humo humo.

Steshenari_Boy: Sawa, nasubiri amalize kuchapa ya mteja.