Mrejesho: Kusoma uzamili chuo kile kile cha shahada ya kwanza

Niliwauliza iwapo ni busara kusomea uzamili katika chuo kilichonipa shahada ya kwanza, na wengi wenu mkanishauri nimwangalie msimamizi, yaani mhadhiri atakayeniongoza katika utafiti, kabla ya kuangalia jina la chuo. Nawashukuru, nimeamua kuhama.

Kilichonisaidia zaidi ni kupitia orodha za marejeo katika tasnifu za wanafunzi waliobaki chuoni kwangu kusomea uzamili, kwani karibu zote ziliwanukuu wahadhiri wale wale walionifundisha, kwa mbinu zile zile, nikaona kwamba kubaki kungeniongezea kina bila kunipa mtazamo mpya. Mhadhiri wangu, ambaye (nakiri) nilihofia angechukizwa, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniandikia barua ya mapendekezo, na tumekubaliana kuendelea na makala tuliyoianza pamoja.

Ada hazikutofautiana sana. Lakini kama chuo changu kingenipa ufadhili kamili na kule kwingine ningelazimika kukopa, ningebaki bila kusita, kwa kuwa anayesomea uzamili katika chuo kile kile alichohitimu shahada ya kwanza bado ana nafasi ya kuhamia kwingine wakati wa uzamivu, ambako uchaguzi wa msimamizi ndio wenye uzito mkubwa zaidi.