Tuwaambie nini vijana wetu kuhusu tamthilia inayolidhihaki kanisa letu?

Dada wa Kondele, Kisumu

Hamjambo ndugu zangu. Mimi ni muumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, nami huwafundisha vijana wa tawi letu kila Jumapili. Siku hizi vijana hao wanatumiana kwa simu vipande vya tamthilia ya muziki iitwayo The Book of Mormon, iliyofunguliwa Broadway, mtaa wa majumba ya maonyesho wa New York, mwezi Machi 2011, ikatwaa tuzo 9 za Tony, tuzo za tamthilia za huko, mwaka huohuo, na ikaanza kuonyeshwa London mwaka 2013. Kwa wasioifahamu, inawahusu wamisionari wawili wa Kimarekani wanaotumwa katika kijiji cha kaskazini mwa Uganda, ambako wanakuta umaskini, ukimwi na mbabe wa vita. Mmoja wao, ambaye hajakisoma kitabu anachokihubiri, anawatungia wanakijiji hadithi za kichwani mwake, nao wanabatizwa kwa hadithi hizo. Matusi ni mengi, na kuna wimbo ambao ndani yake Mungu mwenyewe anatukanwa.

Kijana mmoja wa darasa langu, anayesoma chuoni, alirudi nyumbani akiwa hataki tena kuvaa shati jeupe, kama wanalovaa wamisionari wetu, kwenda kanisani kwa sababu wenzake wa bwenini wanamwimbia nyimbo hizo kila akitoka. Wazazi wengine wanataka niwakataze vijana kuitazama kabisa. Wazee wanasema tunyamaze kama kanisa lilivyofanya.

Kusema kweli kanisa halikunyamaza. Lilitoa taarifa fupi kwamba onyesho laweza kumburudisha mtu kwa jioni moja, lakini Kitabu cha Mormoni, maandiko yetu matakatifu ambayo tamthilia imechukua jina lake, hubadilisha maisha ya watu milele kwa kuwaleta karibu na Kristo. Baadaye likanunua kurasa katika kijitabu wanachopewa watazamaji, likiwaalika wakisome kitabu chenyewe. Hakuna maandamano wala kesi. Jibu hilo nalipenda kwa moyo wote. Linaloninyima usingizi ni jambo jingine: wanaochekwa jukwaani si wamisionari peke yao. Kijiji kile ni cha jirani zetu, watu tunaopishana nao mpakani Busia kila siku. Kanisa lilikijibia kitabu chake. Watu wa kijiji kile nani aliwajibia? Naomba mnisaidie nijue la kuwaambia vijana.

Mkristo wa Bungoma

Dada, mimi ni Mpentekoste na mafundisho yenu siyakubali, lakini anayemtukana Mungu amenitukana mimi pia. Wakatazeni vijana. Mtoto haachiwi achezee moto ili ajue kwamba unachoma.

Aliyehudumu, Nakuru

Dada, pokea salamu za upendo. Nilikuwa mmisionari nchini Uganda kwa miaka miwili, kwa hiyo jambo hili nalizungumza kama mtu aliyevaa shati lile na beji nyeusi yenye jina. Kila usiku tulilifua shati kwa sabuni ya kipande, tukalianika dirishani, na asubuhi tukalivaa kola ikiwa bado na unyevu. Mwenzangu wa kwanza alitoka Zimbabwe. Watu tuliowatembelea walikuwa na maswali magumu kuliko yetu: mama mmoja aliyekuwa akipepeta mtama alituuliza, bila kuinua macho, kama Mungu wetu alikuwapo wakati wa vita vya kaskazini, kisha akaendelea kupepeta huku akisubiri jibu. Hakuwa mtu wa kudanganywa kwa hadithi za kubuni. Tuliketi naye mpaka jua likaelekea kuzama, na sina hakika kwamba jibu letu lilimtosha.

Hiyo ndiyo dosari kubwa ninayoiona. Jukwaani mwenye neno ni mzungu na mwenye kupokea ni mweusi, ilhali katika eneo letu mara nyingi anayebisha hodi na anayefungua mlango wote ni Waafrika. Waandishi walitaka kuwacheka wazungu wa kanisa lao la jirani, wakaazima nchi ya watu ili kicheko kipate mahali pa kutokea.

Hata hivyo, naomba usiwaambie vijana kwamba kila kitu kilichomo ni uongo. Kuna wimbo mmoja unaoutaja mwaka 1978, mwaka ambao kanisa letu lilitangaza kwamba wanaume weusi wanaweza kupewa ukuhani. Nilipousikia nilikuwa nimeketi na wamisionari wenzangu wazungu, wao wakacheka kidogo kwa aibu, mimi nikanyamaza. Dhihaka ile iligusa kidonda cha kweli. Vijana wakikutana na jambo hilo kwanza kinywani mwa mwigizaji, watadhani tuliwaficha. Mwaka 2013 kanisa lenyewe lilichapisha makala kuhusu rangi na ukuhani, likazikana nadharia zilizokuwa zikitolewa zamani kuhalalisha katazo lile. Soma makala hayo pamoja nao, tena mapema.

Mwana wa Legio, Migori

Nawaunga mkono, lakini kuna neno moja linanikera katika mazungumzo haya. Sisi wa Legio Maria, kanisa lililozaliwa huku kwetu miaka ya 60 chini ya Baba Simeo Ondeto, tumechekwa miaka yote. Mchekeshaji akikosa la kusema huvaa kanzu yetu ya rangi, hujitundika rozari shingoni na kujifanya amepagawa, na ukumbi mzima huanguka kwa vicheko. Mama yangu aliwahi kuketi katika ukumbi wa namna hiyo, amevaa kanzu yake, na akabaki ameketi hadi mwisho kwa sababu kuondoka kungegeuza macho ya watu wote kumwelekea yeye.

Kwa hiyo mnaposifu upole wa kanisa la Dada, msisahau kwamba kununua ukurasa katika kijitabu cha maonyesho ni jibu la mwenye uwezo. Wanakijiji wa Uganda hawangeweza kununua hata mstari mmoja. Mama yangu pia hangeweza. Mwenye uwezo anapodhihakiwa pamoja na asiye nao, nadhani ana wajibu wa kuwasemea wote wawili, na hapo ndipo naona kanisa hilo liliishia njiani.

Mwalimu wa Drama, Kakamega

Nimeongoza vikundi vya shule katika tamasha za drama kwa miaka mingi, na mimi ni Mkweka, yaani wa Kanisa la Marafiki (Quakers), kwa hiyo nitazungumzia jukwaa zaidi kuliko imani.

Ndugu wa Migori ameuliza kwa haki ni nani aliyewasemea Waganda. Waliowasemea ni waigizaji weusi wenyewe. Mwaka 2020 baadhi yao, wakiwamo wa kundi la kwanza la 2011, waliwaandikia watunzi barua wakieleza jinsi wahusika wa Kiafrika walivyochorwa, na kabla ya maonyesho kurejea Novemba 2021 baada ya korona, watunzi waliketi nao wakaufanyia mswada marekebisho. Mfano mmoja wa kilicholalamikiwa: katika toleo la awali msichana wa kijijini alishika taipureta kuukuu akidhani ni chombo cha kutuma ujumbe. Hiyo ilikuwa 2011. Wakati huo Waganda walikuwa wakitumiana pesa kwa simu tangu 2009, jambo ambalo Wamarekani wengi waliokuwa wakicheka ukumbini walikuwa hawajawahi kulifanya. Mtunzi ambaye angefika Gulu, kaskazini mwa Uganda, kwa siku moja asingeandika kichekesho hicho.

Kuhusu kukataza, Katiba yetu ya 2010 inalinda imani katika kifungu cha 32 na uhuru wa kujieleza katika kifungu cha 33, na mwalimu mwema hufundisha vyote viwili. Kijana aliyekatazwa ataitazama usiku chini ya blanketi bila mtu wa kumuuliza. Ushauri wangu ni uwape kazi ya kuandika: waandike onyesho la dakika 10, wamisionari wawili wafike kijiji cha Nyakach au cha Gulu, na wenyeji ndio wawe na maneno mengi. Watagundua wenyewe ni nini kiliachwa nje.

Dada wa Kondele, Kisumu

Nawashukuru nyote, hata ndugu wa Bungoma ambaye sitaufuata ushauri wake. Ndugu wa Migori, nimemsomea mume wangu maneno yako kuhusu mama, naye anauliza kama anaweza kumpelekea salamu. Rais wa tawi, yaani kiongozi wa kusanyiko letu, amekubali tutumie ukumbi Jumamosi alasiri. Tutaanza na makala ya 2013, kisha kazi ya kuandika. Kijana wa shati jeupe nimempa aandike sehemu ya mama anayepepeta mtama, ikiwa ndugu wa Nakuru ataniruhusu. Naomba pia, ndugu, uturekodie kwa sauti yako ulimjibu nini mama yule, kwa sababu vijana watauliza. Na Mwalimu, dakika 10 ni kurasa ngapi za mswada?