Mafunzo ya vitendo ya kwanza kwa mwanafunzi wa uuguzi: hospitali ya rufaa ya kanda au hospitali ya wilaya?

Mwanafunzi Mpya (mleta mada)

Habari za jioni, ndugu wanajukwaa. Ninasoma stashahada ya uuguzi na ukunga hapa Tanzania, mwaka wa kwanza, na nimemaliza muhula wa kwanza. Darasani tumesoma anatomia na fiziolojia, misingi ya uuguzi, mikrobiolojia na maadili ya taaluma. Katika chumba cha mazoezi tumetandika vitanda, tumemwogesha mwanasesere na kumgeuza upande huu na huu. Sasa chuo kinatupeleka wodini kwa wiki sita, na tumeruhusiwa kupendekeza kituo kimoja kati ya viwili: hospitali ya rufaa ya kanda iliyopo mjini, au hospitali ya wilaya iliyo mwendo wa saa mbili kwa basi.

Wenzangu karibu wote wamependekeza rufaa, kwa kuwa huko kuna madaktari bingwa na chumba cha wagonjwa mahututi. Mimi bado ninasita. Mwanasesere halalamiki ukimgeuza vibaya, na ninaogopa kuanzia mahali penye msongamano kiasi kwamba nitakosea na asiwepo wa kunirekebisha. Naomba waliopitia njia hizi wanilinganishie kwa kumfikiria mtu anayemshika mgonjwa kwa mara ya kwanza. Naomba kuwasilisha.

Zamu ya Usiku

Mdogo wangu, mimi nilianzia rufaa, katika wodi ya upasuaji, na sijutii. Muhula mzima nilikuwa nimekariri, bila kuelewa hata kidogo, kwamba shinikizo katika uwazi unaozunguka mapafu liko chini kuliko la hewa ya nje. Siku ya tatu wodini nikamkuta mgonjwa mwenye mrija wa kifua, yaani wa kutoa hewa au majimaji yaliyojikusanya kuzunguka pafu, chupa yake ya maji imewekwa sakafuni chini ya kitanda. Muuguzi akaniambia nichuchumae nitazame maji ndani ya mrija: mgonjwa akivuta pumzi yanapanda, akiitoa yanashuka. Akaniuliza maji yakisimama kabisa nitafikiria nini, na sikuondoka pale mpaka nilipoweza kujibu kwamba huenda mrija umeziba au umejikunja, au pafu limekwisha kutanuka. Somo lile halijanitoka hadi leo, na katika hospitali ndogo huenda ungemaliza wiki sita bila kuuona mrija huo.

Ila nikiri jambo moja. Wakati wa raundi tulikuwa wanafunzi wa vyuo kadhaa tumezunguka kitanda kimoja, na aliyesimama nyuma hakuona wala kusikia chochote. Kule lazima ujipenyeze, na uulize bila kuona haya.

Mama Mkunga

Mwanangu, nimestaafu baada ya kufanya kazi miaka mingi katika hospitali ya wilaya, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza nimewapokea wengi. Ushauri wangu ni wilaya, na nitaeleza kwa kitu kidogo kabisa, yaani kuhesabu pumzi.

Alikuja mwanafunzi mmoja, mwenye bidii na maksi nzuri za darasani, akawapima wagonjwa wote wa wodi na kuniletea karatasi. Kila mgonjwa alikuwa na pumzi 20 kwa dakika: mzee wa kitanda cha kwanza 20, mtoto wa miezi minane aliyelazwa kwa kikohozi naye 20. Sikumgombeza. Nilimrudisha kwa yule mtoto, nikamwomba mama yake ampandishe fulana, tukatazama kifua pamoja kwa dakika nzima kwa saa ya mkononi. Tulihesabu 58, na sehemu ya chini ya kifua ilikuwa ikibonyea kila anapovuta hewa. Kwa mtoto wa umri huo, pumzi 50 au zaidi tayari ni za haraka. Tulimwita daktari palepale.

Kwa mtu mzima nilimfundisha aendelee kushika kifundo cha mkono kana kwamba bado anahesabu mapigo, kwa sababu mgonjwa akijua unahesabu pumzi zake hubadilisha namna ya kupumua. Niliweza kufanya hayo kwa kuwa wanafunzi walikuwa wanne tu na kila karatasi niliisoma mwenyewe. Tena wilayani utampokea mgonjwa siku anayolazwa, utamhudumia na utamuaga akirudi nyumbani.

Muuguzi wa Pwani

Salamu kutoka Kenya. Ninamheshimu sana Mama Mkunga, lakini hospitali ndogo nazo zina hatari yake. Mimi nilianzia hospitali ya ngazi ya nne, ambako usiku muuguzi alikuwa mmoja kwa wodi nzima. Nilipewa kazi ambazo sikuwa nimefundishwa, na kwa vile sikutaka kuonekana mvivu, nilikubali. Wiki ya pili nikajichoma kidole kwa kujaribu kurudishia kifuniko cha sindano iliyokwisha kutumika, jambo ambalo darasani tulikatazwa waziwazi. Nilinyamaza hadi asubuhi kwa aibu. Nashukuru mwenzangu alinilazimisha kuripoti, kwani dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza mapema iwezekanavyo, na kabla ya saa 72 kupita. Nilizimeza siku 28.

Kwa hiyo, dadangu, kabla ya kuchagua wilaya, uliza nani hasa atakuwa mlezi wenu wodini, na kama yupo pia zamu ya usiku.

Mkufunzi

Swali la Muuguzi wa Pwani ndilo ningeanza nalo mimi pia. Tazama kitabu chako cha kumbukumbu za vitendo: mwaka wa kwanza unatakiwa kumudu kupima joto, mapigo, pumzi na shinikizo la damu, usafi wa mgonjwa, kulisha, kugeuza ili kuzuia vidonda vya kulalia, kunawa mikono na kuandika taarifa. Yote hayo yapo wilayani, na yanahitaji mtu wa kukutazama ukiyarudia. Mrija wa kifua utaukuta mwaka wa pili au wa tatu, ukiwa na macho ya kuuona vizuri zaidi. Kama mlezi yupo, chagua wilaya. Kama hayupo, nenda rufaa hata kama mtabanana.

Nauli na malazi ni kweli vina uzito, lakini hayo uyazungumze na wazazi.

Mwanafunzi Mpya (mleta mada)

Shikamoo Mama Mkunga, na asanteni nyote. Leo mkufunzi wetu ameipigia simu hospitali ya wilaya. Wanafunzi tutakuwa sita, mlezi yupo zamu za mchana, na mwaka wa kwanza hawapangiwi usiku. Nimependekeza wilaya. Mama, saa yangu haina mshale wa sekunde, ni ya namba tu. Itafaa?

Mama Mkunga

Marahaba, mwanangu. Tafuta yenye mshale wa sekunde. Macho yako yanatakiwa yabaki kifuani kwa mgonjwa, na mshale unaonekana hata kwa pembe ya jicho, ila namba itabidi uzisome.