Naomba ushauri: karafuu, masomo ya nyumbani na karatasi za kafala

Assalaam alaykum ndugu zangu. Tupo Wete, Pemba, watoto sita, wote tunawasomesha nyumbani. Mkubwa miaka 14, mdogo 5. Tunaomba kumlea kwa kafala, yaani malezi ya Kiislamu ya mtoto asiye wako, yatima wa miaka 4 aliye Ngazija, Komoro, na ubini wake utabaki wa baba yake.

Yote yameangukia msimu wa karafuu, nazo hazingoji. Zilizochumwa leo huchambuliwa makonyo (vijiti vyake) usiku huohuo na asubuhi ziwe jamvini; zikilala rundo hupata joto zikavunda. Kuanika siku 4 au 5 za jua, na wingu likitanda kila mkono hukimbilia jamvi, madaftari yakabaki wazi sakafuni.

Tumejaribu kusomesha saa 12 hadi saa 3 asubuhi, hesabu na kusoma tu. Wakubwa wanakwenda vizuri, wa miaka 5 na 7 wanasinzia. Karatasi za mtoto ni za Kifaransa, na vyeti vyetu vya afya vilipitwa na muda tafsiri haijakamilika.

Naombeni mawili. Vyeti vyenye muda tuvichukue mwisho, tafsiri ikishagongwa muhuri? Na wale wadogo, niwahamishie baada ya Alasiri au niwapumzishe mpaka karafuu ziishe?