Ushauri wenu wakuu: swichi ya analogi na dijitali kwenye draiva ya kadi ya sauti

DraivaMpya
Wakuu habari zenu, naombeni msaada kichwa kinaniuma. Naandika draiva ya kadi ya sauti kwa Linux, upande wa ALSA (mfumo wa sauti ulio ndani ya kerneli, kiini cha Linux), kadi inatoa analogi na dijitali. Sasa kwenye miksa, pale mtumiaji anaporekebisha sauti, niweke swichi mbili, moja ya analogi moja ya dijitali, au kontroli moja ya kuchagua? Nataka kutuma kodi wiki hii na wale wakaguzi wa kerneli hawana huruma. Naombeni matusi pembeni.

WayaMwekundu
Mkuu dijitali siku zote, analogi ya nini tena? Tafuta risiva nzuri utasahau haya yote, mimi nilishaachana na nyaya za analogi na usingizi napata.

BintiKerneli
Kabla sijajibu, hizo njia mbili zina matundu mawili tofauti?

DraivaMpya
Inategemea dada. Ila swichi mbili ndio rahisi kwa mtumiaji, si ndio?

BintiKerneli
Inategemea nini? Tundu ni moja au mawili?

DraivaMpya
Moja. Kuna pini kwenye chipu, ikiwa 0 tundu linatoa analogi, ikiwa 1 linatoa S/PDIF, yaani ile dijitali. Lakini swichi mbili nimeshaziandika na zinafanya kazi, ukiwasha hii ile inajizima yenyewe, na dirisha la mtumiaji nimeshalichora na vitufe viwili, sasa nibomoe vyote?

BintiKerneli
Hilo ndilo ulitakiwa kuanza nalo! Mtu akizima zote mbili pini inakaa wapi? Weka kontroli moja ya aina ya enumi, yaani orodha ya kuchagua kimoja, yenye majina mawili, Analogi na Dijitali, basi. Hata swichi moja ya kuwasha na kuzima sikushauri. Draiva ya emu10k1, ya kadi za Sound Blaster Live, inayo, inaitwa "SB Live Analog/Digital Output Jack", haya niambie, ikiwa imewashwa hapo ni ipi? Halafu kwenye put, ile fanksheni inayoitwa mtumiaji akibadilisha kontroli, rudisha 1 thamani ikibadilika, 0 isipobadilika, ukirudisha 0 kila mara programu nyingine hazipati taarifa.

MzeeSpika
Mimi ilinikuta na filamu yenye AC-3, sauti ya dijitali iliyobanwa, draiva ikahamia analogi katikati, zile data zilizobanwa zikachezwa kama PCM ya kawaida, yaani sauti isiyobanwa, aisee mngurumo uliotoka hapo hadi mama watoto akadhani spika zimelipuka. Nyamazisha kwanza, hamisha, ndio ufungue sauti. Vijana mna haraka ya kutuma kodi, kusikiliza hamtaki.

DraivaMpya
Yangu haina shida hiyo mzee. Nimechomeka hedifoni kwenye tundu, nikahamia dijitali, muziki ukaendelea safi tu.

TomasoMbishi
Ngoja kwanza. Hedifoni kwenye S/PDIF na muziki safi?? Kwa sampo 48,000 kwa sekunde hapo zinapita biti 3,072,000 kila sekunde, sikio gani hilo? Huyu hana kadi wala draiva. Chai hii.

WayaMwekundu
Na sukari imezidi 😂😂

DraivaMpya
Kadi ninayo hapa mezani, tuheshimiane. Nimekuja kuuliza kontroli, sijaja kuhojiwa.

TomasoMbishi
Weka hiyo put hapa tuone.

MzeeSpika
Zamani mtu akiomba ushauri alikuwa anakuja na vielelezo.

BintiKerneli
Mi sidhani anadanganya. Pini yake haigeuki tu. Inaelekea put inahifadhi thamani kwenye kumbukumbu ya draiva na kuishia hapo, rejista ya chipu inayogeuza pini haiguswi, kwa hiyo alsamixer, ile programu ya miksa, inamwonyesha dijitali huku masikioni ni analogi ileile.

DraivaMpya
Swichi zinafanya kazi, nimeziona kwa macho yangu zikibadilika. Kuna mstari mmoja tu nimeuzima kwa komenti wakati najaribu, ila hauhusiani na hili. Naenda na swichi mbili.

TomasoMbishi
Mstari gani mkuu?

WayaMwekundu
Niwekeeni kiti hapo mbele.