Uraibu wa mitandao ya kijamii: lawama ni ya algoriti au ya mtumiaji?

Mama Zuhura, Tanga
Ndugu wanajukwaa, salamu zenu. Juzi saa nane usiku niliamka kunywa maji nikaona mwanga chini ya mlango wa binti yangu, mwanafunzi wa kidato cha tatu. Nilimkuta amejifunika shuka gubigubi, kidole gumba kinapandisha video moja baada ya nyingine, macho yamemwiva kwa usingizi. Nilipomuuliza alikuwa akitazama nini, hakuweza kunitajia hata moja kati ya alizoziona muda mfupi uliopita. Baba yake anasema huo ni ukosefu wa nidhamu. Mimi jambo hili linanitatiza, kwa sababu anayefuata raha yake angalau huikumbuka. Naomba mnisaidie: lawama ni ya mtumiaji, au ya hizo algoriti zinazomchagulia cha kutazama?

Fundi Programu
Dada, riziki yangu ni kuandika programu za simu, na swali lako ni la msingi. Ukurasa usiofika mwisho ulibuniwa mwaka 2006 na Aza Raskin, ambaye baadaye alijutia hadharani kazi hiyo, maana iliondoa pale mahali ambapo msomaji alikuwa akifika chini, anatua, anajiuliza kama aendelee. Mwaka 2012 YouTube iliacha kuzipa video uzito kwa idadi ya mibofyo, ikaanza kuangalia muda ambao watu hutazama. Na mwaka 2018 mkuu wake wa bidhaa, Neal Mohan, alieleza kwamba zaidi ya asilimia 70 ya muda huo hutokana na mapendekezo ya mfumo wenyewe. Algoriti haina chuki na binti yako. Imeagizwa iongeze dakika, nayo inaziongeza. Akisita kidogo juu ya video ya ususi, ataletewa nyingine ya ususi, kisha inachomekwa moja asiyoitarajia, na kule kutojua kitakachofuata ndiko kunakomfanya apandishe tena.

Mwalimu Mstaafu
Natofautiana nanyi kwa heshima. Bando tunanunua sisi, simu tunawapa watoto sisi, na chakula kinaletwa mezani huku baba na mama wameinamia viganja vyao. Nilipozima arifa zote nikabakiza simu zinazopigwa tu, nilirudia kusoma vitabu baada ya wiki chache, wala hakuna kampuni iliyonizuia. Tukisema mtumiaji hana lake, tunamnyang'anya pia uwezo wa kujiokoa.

Nuru wa Pangani
Shikamoo Mwalimu. Nakubali kwamba mtu ana nguvu, ila naomba tutazame inapambana na nini. Nyaraka alizozitoa Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa Facebook, mwaka 2021 zilionyesha kwamba Facebook yenyewe ilikuwa imechunguza madhara ya Instagram kwa wasichana, na Oktoba 2023 majimbo zaidi ya 40 ya Marekani yaliishtaki Meta, kampuni inayomiliki Facebook na Instagram, yakidai kwamba huduma zake ziliundwa kwa namna ya kuwanasa watoto. Huko Umoja wa Ulaya, sheria inayozibana huduma kubwa za mtandaoni inazilazimisha zimpe mtumiaji angalau njia moja ya kupata mapendekezo yasiyotokana na kupekuliwa kwa tabia zake. Kama mtambo unaweza kuzimwa kwa amri ya sheria, basi kuuacha umewashwa ni uamuzi wa mtu, na mtu huyo si mtoto aliye chini ya shuka.

Mama Zuhura, Tanga
Nawashukuru nyote. Jana nilikaa na binti yangu tukafungua mipangilio: kwenye YouTube tulizima ule utaratibu wa video inayofuata kujicheza yenyewe, lakini katika programu ya video fupi anayoipenda zaidi tulitafuta kitufe cha namna hiyo mpaka tukachoka. Mwalimu, neno lako kuhusu meza ya chakula limenigusa, na tangu jana simu zote nne za nyumbani zinalala sebuleni, ya baba yake ikiwemo. Fundi, kama unajua kitufe hicho kilipojificha, tafadhali nielekeze.