Kumudu lugha nyingi za programu: tatu zinazofanana, moja ya mbali, au ileile kwa kina?

Mleta mada: Ndugu wanajukwaa, nimeandika programu kwa Python kwa miaka minne, na sasa natafakari njia tatu: kuendelea kuichimba hiyohiyo, kuongeza Java, C# na JavaScript kwa mfululizo, au kujifunza lugha moja tu iliyo mbali nayo, kama vile Rust. Nikiandika katika wasifu wangu kwamba ninamudu lugha kadhaa, kauli hiyo imaanishe nini hasa?

Mchangiaji wa kwanza: Kumudu lugha si kukariri jinsi kitanzi, yaani amri ya kurudiarudia hatua, kinavyoandikwa. Chukua mgawanyo wa namba kamili: katika C, -7 ikigawanywa kwa 2 hutoa -3, kwa kuwa desimali hukatwa kuelekea sifuri, ilhali alama ya // katika Python hutoa -4, kwa sababu yenyewe hushuka hadi namba kamili iliyo chini. Niliwahi kuhamisha hesabu za tarehe kutoka lugha moja kwenda nyingine nikiamini kwamba mistari ikifanana na majibu yatafanana, na hitilafu hiyo ilinichukua siku mbili kuipata, maana programu iliendelea kufanya kazi bila onyo lolote. Kwangu mimi, anayemudu lugha mbili ni yule anayejua mahali zinapoachana.

Mchangiaji wa pili: Ndiyo maana njia ya pili sikushauri. Java na C# ni ndugu wa karibu mno. Utaongeza majina kwenye wasifu, lakini namna ya kufikiri itabaki karibu ileile. Rust, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2015, hukulazimisha kujua kila thamani inamilikiwa na nani, na kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo (maandishi ya programu) kwenda lugha ya mashine, hukataa msimbo unaotumia thamani iliyokwisha kukabidhiwa kwingine. Niliporudi kwenye Python baada ya miezi sita, nilianza kuona orodha moja ikibadilishwa na fanksheni (vipande vya programu vyenye kazi maalumu) mbili zisizojuana, jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yangu miaka yote.

Mchangiaji wa tatu: Naitetea njia ya kwanza. Lugha usiyoifanyia kazi husahaulika upesi, na ujuzi unaotegemewa kwenye mradi ni ule wa maktaba (msimbo uliokwisha kuandikwa ili utumiwe na wengine), majaribio na kusoma msimbo wa wengine, mambo yanayohitaji miaka.

Mleta mada: Nimeelewa. Nitaanza Rust huku nikiendelea na kazi zangu za Python, na katika wasifu nitataja zile tu ambazo ninaweza kurekebisha msimbo ulioandikwa na mtu mwingine. Je, SQL, lugha ya kuulizia data katika hifadhidata, nayo ihesabiwe?

Mchangiaji wa pili: Ihesabiwe, tena kwa heshima. Humo hutaji hatua, bali unaeleza matokeo unayoyataka, na hifadhidata yenyewe ndiyo inayochagua njia ya kuyafikia.